Wakikuambia Mtoto Amekuwa Mweupe

Ndugu zetu wa Mantapala, na ninyi mnaotusoma kutoka kambi zingine, na wafanyakazi wa mashirika pia maana tunajua mnapita humu kimya kimya: leo tunaongea juu ya ngozi. Kuna wenye watasema hayo ni mambo ya wasichana na vioo. Basi someni kwanza, mtatutukana mwishoni.

Ilikuwa mwezi wa pili na ziwa bado limefungwa. Mwenye anakaa hapa Nchelenge anajua: kila mwaka, kuanzia Desemba mpaka Februari inaisha, serikali ya Zambia inazuia uvuvi ili samaki wapate kuzaa. Chisense kidogo yenye inabaki sokoni bei yake inapanda, na mpale ndiyo usiulize. Mvua inapiga, mbu wanakuwa wengi, na chakula cha watu wengi ni bukari ya muhogo na sombe, asubuhi ya leo sawa na ya jana. Sisi vijana wa kujitolea tulikuwa tunazunguka nyumba kwa nyumba na ule mkanda wa kupima mikono ya watoto, wenye rangi tatu: nyekundu, njano, kijani.

Tukafika kwa mama mmoja. Akatutolea kiti, akatutolea na maji. Ndani ya nyumba kulikuwa na kachanga ka wiki tatu, na huyu mkubwa wake, mwaka moja na miezi nane hivi, amekaa kwenye mkeka, ametulia. Mashavu ya mviringo. Jirani akatuambia, "Angalieni vile mutoto amekuwa muzuri. Amekuwa mweupe!" Mama yake akacheka: "Ni rangi ya baba yake njo inatoka." Kwa kweli mtoto yule tulimjua tangu akibebwa mgongoni, alikuwa mweusi tii kama wengi wetu, na siku ile alikuwa karibu maji ya kunde. Nywele zake nazo zimelainika, zina kahawia. Watu wakasifu na sisi tukasifu. Tukafunga mkanda mkononi, ukasoma kijani. Tukaandika "sawa" kwenye daftari, tukaaga, tukaenda nyumba ya pili.

Siku tisa baadaye tulipita tena, safari hii na muuguzi. Yule muuguzi hakuangalia uso wa mtoto kabisa. Alichukua miguu yote miwili, akaweka dole gumba juu ya kila mguu, akabonyeza akihesabu pole pole mpaka tatu, akaachia. Vikabaki vishimo viwili, kama vile unabonyeza bukari ya moto. Akabonyeza kwenye goti kwenda chini, vishimo. Akashika unywele, ukatoka bila mtoto kulia. Halafu akatuuliza sisi, sio mama: "Nani aliandika sawa hapa?"

Tulikuwa watatu na wote tuliangalia chini.

Ile ilikuwa kwashiorkor, na ilikuwa imefika mbali, mpaka uso umejaa maji. Mashavu yale tuliyosifu yalikuwa maji. Mkono uliosoma kijani ulikuwa na maji. Mkanda unapima unene wa mkono, haujui kama ndani kuna nyama ao maji, na hiyo tulifundishwa kabisa kwenye mafunzo ya kwanza: mkanda na miguu vinakwenda pamoja. Sisi tulipima kimoja tukaacha kingine, kwa sababu macho yetu yalikuwa yamekwisha kuamua kwamba mtoto mweupe, mwenye mashavu, ni mtoto mwenye afya. Ule weupe ndio ulikuwa ugonjwa wenyewe. Mtoto mwenye kwashiorkor ngozi yake inapoteza rangi, nywele zinageuka kahawia ao nyekundu, anakuwa mnyonge hataki kucheza. Hata jina lenyewe lina mambo ndani. Ni neno la Kiga, lugha ya Ghana. Daktari Cicely Williams, mzaliwa wa Jamaika, alilichukua kwa akina mama wa kule akaliandika kwenye majarida ya udaktari miaka ya 1930. Akina mama walikuwa wanamaanisha ugonjwa wa mtoto anayeachishwa ziwa kwa sababu mwingine amezaliwa. Ndugu zetu wa Kivu wanaita bwaki. Na sisi wa hapa tuna bahati mbaya ya maneno: ziwa la mama lilikuwa limefungwa kwa yule mtoto, na Ziwa Mweru nalo lilikuwa limefungwa, mwezi mmoja.

Sasa ndiyo tunataka kusema kitu chetu. Kuna rangi ya ngozi, na kuna hali ya ngozi. Ni vitu viwili. Sisi tunavichanganya kila siku, na kuvichanganya kunaumiza watu.

Rangi ni ile uliyopewa. Wataalamu wanasema watu wote, mzungu, mhindi, mluba, wana seli za kutengeneza rangi karibu hesabu moja. Tofauti ni melanini, namna yake na wingi wake, na vile vifuko vinavyoibeba vimekuwa vikubwa ao vidogo. Mababu wenye walikaa penye jua kali walibaki na melanini nyingi, maana inakinga ngozi. Jua linaweza kukuongezea kidogo, lakini ile rangi yako ya msingi, ile ya chini ya kwapa penye jua halifiki, inakaa vile vile na haiambii mtu kama umekula ao hukula.

Hali ndiyo inasema. Na Kiswahili chetu kinajua sana hii mambo, ni sisi tumesahau. Mtu amenawiri. Mtu amepauka. Amesawijika. Amekwajuka. Hakuna hata neno moja hapo lenye linasema mweusi ao mweupe. Mweusi ananawiri na mweusi anapauka. Mwenye ualbino ananawiri, na mwenye ualbino anaungua na jua akipita bila kofia na mikono mirefu; rangi yake haikubadilika, hali yake ndiyo imebadilika. Wazee wakikuambia "mbona umesawijika hivi?" hawakuulizi rangi. Wanakuuliza ni nini kimekupata.

Tunafikiri mchanganyo wetu sisi wa Katanga uliingia na Kifaransa. Tunasema fulani "iko na teint muzuri". Hiyo teint inabeba vyote viwili kwenye gunia moja, rangi na hali, na mtu akisema teint nzuri, mara nyingi anamaanisha ya mweupe. Kidogo kidogo mweupe ikawa nzuri, na nzuri ikawa afya. Siku ile kwa yule mama hatukusikia mtu anasema mtoto amepauka. Neno lilikuwepo, hakuna mtu alilichukua.

Upande wa pili wa kosa hili ni ule wa kusema, "Huyu ni mweusi, hauwezi kuona kitu." Tumesikia hii kwa wenzetu wa kujitolea, tumesikia na kwa wageni wenye digrii. Mtoto amelala siku tatu na homa, mtu anamwangalia usoni anasema hajapauka. Hajapauka wapi? Nchelenge ni moja ya wilaya zenye malaria nyingi kupita zingine Zambia, watafiti wanakuja hapa mwaka kwa mwaka kwa sababu hiyo. Malaria inavunja damu. Mtoto akiishiwa damu, uso wake mweusi unaweza kukuficha, lakini kiganja hakifichi, kwa sababu kwenye kiganja na kwenye nyayo melanini ni kidogo kwa kila mtu. Shika mkono wake pole pole, ufungue, usivute vidole kwenda nyuma maana ukivuta unazuia damu na kiganja kitakuwa cheupe cha uongo. Weka kiganja chako pembeni. Cha kwake kimefifia kuliko chako? Kimekuwa cheupe kama karatasi? Huyo wa karatasi haisubiri kesho, ni kliniki sasa hivi. Vuta na kope ya chini uone nyama ya ndani kama ni nyekundu ao imefifia. Usilinganishe na kiganja cha mama yake peke yake, kwa sababu mama mwenyewe anaweza kuwa hana damu, wawili wote wafanane na wewe useme ni sawa. (Na kama wewe mwenyewe umetoka malaria juzi, tafuta kiganja cha mwenzako. Hiyo tuliicheka lakini ilitupata.)

Manjano, angalia kwenye weupe wa macho, nje, kwenye mwanga wa jua; tochi ya simu itakudanganya. Ukosefu wa hewa, angalia ulimi na ufizi. Surua, usisubiri kuona "vipele vyekundu" vya kwenye karatasi iliyobandikwa mlangoni. Kwenye ngozi yetu mara nyingi wekundu hauonekani. Pitisha mkono, utasikia ngozi imekwaruza kama msasa, na macho yamekuwa mekundu, na mafua, na homa.

Ile karatasi ya mlangoni inatufikisha kwa ninyi wa mashirika. Picha zake ni za mtoto mzungu. Hatuwalaumu mmoja mmoja, karatasi mmeletewa. Lakini angalieni ilivyo kwa dunia nzima. Mwaka 1975 daktari wa Marekani, Fitzpatrick, alitengeneza kipimo cha aina za ngozi ambacho hospitali zinatumia mpaka leo. Mwanzo kilikuwa cha watu weupe tu, namna wanavyoungua na jua, halafu baadaye ndiyo wakaongeza namba mbili mwishoni ili sisi wengine wote tuingie humo. Namba mbili kwa watu kutoka India mpaka Pweto! Na kile kifaa cha kubana kidole kinachopima hewa ya damu: mwaka 2020 madaktari wa Marekani walichapisha kwamba kwa wagonjwa weusi kiliachilia upungufu wa hewa bila kuuonyesha karibu mara tatu zaidi ya kwa wagonjwa weupe. Mashine nayo ilichanganya rangi na hali. Kwa hiyo kifaa kikisema 94 na mtoto anapumua kwa shida mbavu zinaingia ndani, tunaomba muamini mbavu.

Mwaka ule ule wa 2020 kijana mmoja, Malone Mukwende, mzaliwa wa Zimbabwe, alikuwa bado mwanafunzi wa udaktari London. Alikuwa anauliza darasani: kwenye ngozi kama yangu hii inaonekanaje? Hakuna picha. Basi yeye na walimu wake wawili wakatengeneza kitabu chenye picha za magonjwa kwenye ngozi nyeusi, wakakiita Mind the Gap, na kinasomwa bure kwenye intaneti. Alikuwa kijana wa umri wetu. Kwa nini kurasa chache za kitabu kama hicho zisibandikwe kwenye mlango wetu? Kuprinti kurasa kumi ni bei gani?

Sasa turudi kwetu wenyewe, kwa sababu ni rahisi kulaumu London.

Mafuta ya kujichubua yanaingia kambini. Mitumbwi ya injini inavuka ziwa kati ya huku na Kilwa (Kilwa mji ule wa Congo, sio kisiwa cha Kilwa ambacho ni cha Zambia, wala sio Kilwa ya pwani ya Tanzania yenye magofu), inabeba vitenge, sabuni, betri, watu, na vikopo. Tunaviona kwenye meza sokoni. Wengine wanapima na kuchanganya wenyewe, ule wenye Watanzania wanaita mkorogo. Dada zetu wanapaka, na wavulana wanapaka pia, msijifanye, tunawaona mikono: vidole vimebaki vyeusi kwenye viungo na uso umekuwa kama wa mtu mwingine.

Ndani ya vikopo hivyo mara nyingi kuna mojawapo ya vitu vitatu. Haidrokwinoni, inazuia ngozi kutengeneza melanini, na ukiitumia muda mrefu inaweza kukugeuzia uso kuwa wa bluu-nyeusi wenye madoa, haurudi tena. Steroidi, dawa halali ya hospitali kwa ugonjwa fulani na kwa siku chache, lakini ukiipaka uso mzima kila siku inakondesha ngozi mpaka inachanika na kidonda hakifungi vizuri. Na zebaki, yenye inaingia mwilini inaharibu figo, na mama mwenye mimba inafika kwa mtoto tumboni. Afrika Kusini ilikataza biashara ya mafuta haya tangu 1990. Rwanda tangu mwisho wa 2018 maofisa waliingia madukani kuyatoa. Mkataba wa Minamata wa dunia umekataza kabisa vipodozi vyenye zebaki. Lakini mtumbwi haubebi mkataba.

Hatutaki kuwahubiria. Tunajua kwa nini mtu anapaka. Wengi wetu tulivuka kupitia Chienge kuanzia Agosti 2017, tukakaa Kenani kwenye mahema, tukaletwa hapa Mantapala 2018. Ukiwa umepoteza nyumba, shule, na karatasi zako, uso ndio kitu umebaki nacho cha kutengeneza. Tena kule tulikotoka watu walisomana sura njiani, pua hii, rangi hii, huyu ni wa wapi, na jibu lilikuwa linaamua kama unapita. Mtu aliyeponea hapo anaweza kutaka rangi nyingine, na sio ujinga.

Ila tunasema hivi: kitu wengi wanatafuta kwenye kikopo ni hali, na kikopo kinauza rangi. Dada mmoja wa kundi letu alisema wazi kwenye mkutano, na alituruhusu tuandike bila jina: alianza kupaka baada ya miezi ya kutolala, uso umesawijika, chunusi, madoa. Alitaka kunawiri. Muuzaji akampa kuwa mweupe. Madoa yake yangetibika. Sasa ana ngozi ya karatasi kwenye mashavu, na akipika karibu na moto analia. Na mwingine, mama, alinunua "dawa ya upele" kwenye meza hiyo hiyo, akampaka mtoto. Ilikuwa steroidi. Mwasho ulipungua siku mbili, akafurahi, na wale wadudu wa upele chini wakaendelea na safari yao mpaka nyumba nzima ilipata. Kliniki ilipowatazama ilikuwa shida hata kujua ni upele, vile sura yake ilikuwa imebadilishwa.

Kitu kidogo pia juu ya simu. Wasimamizi wa kundi hili, pamoja na sisi, tulikuwa tunapitisha picha zetu zote kwenye ile programu yenye inalainisha uso. Inafuta chunusi, na hapo hapo inakufanya mweupe bila kukuuliza. Tulifungua picha za mkutano wa mwaka jana, tukakuta hakuna mtu mweusi hata mmoja. Nkambo wa mmoja wetu alitazama akauliza hawa ni watoto wa nani. Tumeacha kuitumia.

Yule mtoto alipelekwa hospitali siku ile ile. Alikaa kule kwanza na maziwa ya tiba, kidogo kidogo, maana mtoto kama huyo ukimjaza chakula ghafla unaweza kumuua. Maji yakaanza kutoka, na alipungua uzito. Mama yake alilia sana hapo, aliona mtoto anakwisha, mashavu yameenda. Ilibidi mtu akae naye amweleze kwamba kukonda kule ndiyo kupona. Halafu wakaanza kumpa ile karanga ya pakiti. Waliporudi nyumbani tulikwenda kumwona, wote watatu, na aibu yetu. Tulimwomba mama msamaha. Alisema tukae kwanza.

Mtoto alikuwa anakimbiza kuku. Mama akamwita, akamkamata mkono, akatuonyesha, na alikuwa anacheka vile alicheka siku ya kwanza: "Angalieni! Ameanza kuwa mweusi tena!" Jirani yule yule akasema ni kweli, anapendeza.

Kwenye daftari letu sasa, pembeni ya sehemu ya mkanda, tumechora mistari miwili kwa kalamu. Mmoja unasema "miguu". Mwingine unasema "mama anasema rangi imebadilika? tangu lini?" Daftari la ofisi bado halina mistari hiyo, na tumeomba. Jumanne tunaanza kuzunguka tena; mwenye ana kalamu ya ziada alete.